Beki hakukusudia, mpira umemgonga mkononi, VAR imetoa penalti: sheria inasemaje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kocha wa vijana chini ya miaka 17 hapa Tanga. Jioni huwa naangalia mechi za Ulaya kibanda umiza pamoja na hao hao vijana wangu. Kuna jambo linanikera tangu Euro ya 2024 na mpaka leo sijapata wa kunielewesha. Denmark walipocheza na Ujerumani, krosi ilimgusa beki Joachim Andersen vidoleni, VAR (marefa wa video) ikaita, penalti. Siku sita baadaye Ujerumani hao hao wakakutana na Hispania. Jamal Musiala akafumua shuti linakwenda golini, Marc Cucurella akaliziba kwa mkono, refa akasema twende. Vijana wakanigeukia: "Kocha, sasa kunawa ni kupi?" Nikakosa la kusema. Mwalimu, sheria ni moja au kila refa ana ya kwake? VAR imekuja kutusaidia au kutuharibia mpira? Na mabeki wangu niwaambie nini?

JIBU: Marahaba, kocha. Kero yako ina msingi, na wengi wanayo. Kasper Hjulmand, aliyekuwa kocha wa Denmark, baada ya mechi ile ya Dortmund tarehe 29 Juni 2024 alisema waziwazi kwamba amechoshwa na sheria hii ya mkono. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu majibu mafupi ya "refa kanunuliwa" hayamsaidii kocha ambaye kesho asubuhi anasubiriwa na vijana uwanjani.

Sheria ni moja. Inaandikwa na IFAB, bodi ya kimataifa ya sheria za mpira iliyoundwa mwaka 1886, na utaikuta kwenye Sheria ya 12. Kwa ilivyo sasa, mchezaji anahesabiwa ameunawa, yaani amefanya kosa la mkono, akifanya moja kati ya mambo matatu. La kwanza ni kuugusa mpira kwa mkono makusudi, kwa mfano kuupeleka mkono kwenye mpira. La pili ni mpira kumgonga mkononi wakati mkono huo umeufanya mwili wake uwe mkubwa kuliko kawaida. La tatu linawahusu wafungaji tu: ukifunga kwa mkono, au mpira ukakugusa mkononi na papo hapo ukafunga, goli halihesabiwi hata kama hukukusudia kabisa. Na mkono, kwa kazi hii, unaanzia usawa wa chini ya kwapa. Mpira ukigonga bega juu ya hapo, cheza.

La kwanza halina ugomvi. La tatu halina ugomvi sana. Kelele zote unazozisikia kibandani zinatoka kwenye lile la pili.

Maandishi yanasema mwili umekuwa mkubwa kuliko kawaida pale ambapo mkono upo mahali ambapo mwendo wa mchezaji katika tukio lile hauwezi kuueleza. Beki anayeruka hunyanyua mikono, na anayekimbia huitupa mbele na nyuma. Hiyo ni mikono yenye maelezo. Lakini beki aliyesimama wima mbele ya mpigaji, mkono umenyooka pembeni kama wa mtu anayezuia mlango, huyo sheria inamwambia amejitia mwenyewe kwenye hatari ya mpira kumgonga na kuadhibiwa. Humo humo kwenye sheria imeandikwa pia kwamba si kila mguso wa mpira kwenye mkono ni kosa. Sentensi hiyo wasomee vijana wako mara mbili, kwa sababu watangazaji wengi huzungumza kana kwamba haipo.

Kuna maneno watu huyasema kila siku na kwenye sheria hayamo. Hakuna umbali uliotajwa, iwe mita moja au tatu. Hakuna kifungu cha "mpira umeufuata mkono". Hakuna kinachosema mpira uliogonga kwanza mguu au kifua chako unakusamehe moja kwa moja. Misamaha ya namna hiyo ilikuwemo, iliandikwa mwaka 2019: mpira uliotoka kwenye mwili wako mwenyewe, uliotoka kwa mchezaji aliye karibu sana, au ulioupiga mkono unaojishikiza ardhini wakati unaanguka. Mwaka 2021 orodha hiyo ikaondolewa na mambo hayo yakaachwa kwenye busara ya refa. Nia ilikuwa nzuri, kumrudishia refa uhuru wa kufikiri. Lakini shabiki naye akabaki hana kipimo cha kushika mkononi.

Sasa tuzirudie mechi zako mbili, maana zinafundisha kuliko sheria yenyewe.

Denmark walikuwa ndiyo kwanza wamefunga mwanzoni mwa kipindi cha pili, goli la huyo huyo Andersen, likakataliwa kwa kuotea kwa ncha ya kiatu. Dakika chache baadaye, upande wa pili wa uwanja, David Raum anapiga krosi, Andersen yuko karibu naye, mkono umeachana na mwili, mpira unampapasa vidole. Refa Michael Oliver hakupiga filimbi. Chumba cha VAR kikamwita, akaenda kwenye skrini, akarudi na penalti. Kai Havertz akafunga, na mechi ikaisha 2-0. Kwenye televisheni ukaonyeshwa mchoro unaotoka kwenye kifaa kilichofichwa ndani ya mpira, mstari ukaruka juu pale vidole vilipogusa. Kibanda kizima kilichukua mchoro ule kuwa ndiyo ushahidi wa kosa. Kile kifaa kinajua jambo moja tu: mpira umeguswa. Hakijui mkono ulikuwa wapi, wala kama mwendo wa Andersen ulikuwa unaueleza. Swali la kosa lilibaki palepale lilipokuwa, kichwani mwa binadamu anayeangalia picha.

Stuttgart, tarehe 5 Julai, dakika ya 106, matokeo 1-1. Musiala anapiga, Cucurella anaziba kwa mkono wa kushoto ambao umeshuka chini karibu na nyonga na unarudi nyuma. Refa Anthony Taylor aliona tukio na akakataa papo hapo. Chumba cha VAR kikapitia, kikaona hakuna sababu ya kumwita kwenye skrini. Dakika ya 119 Mikel Merino akafunga kwa kichwa, Ujerumani wakatolewa nyumbani kwao. Mwezi Septemba kamati ya waamuzi ya UEFA ikasema ile ilistahili penalti, kwa sababu mkono unaozuia shuti linalokwenda golini unapaswa kuchukuliwa kwa ukali zaidi.

Kwa nini basi moja iliitwa na nyingine haikuitwa? Kocha, ukielewa hapa umeielewa VAR nzima. Chumba kile hakiulizi "hili ni kosa?" Kinauliza "refa amekosea waziwazi?" Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa. Wakati wa Euro ile VAR iliruhusiwa kuingia kwenye mambo manne tu, yaani goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na refa kumwadhibu mtu asiyehusika. Humo nako, kwa mambo ya kupima kama kunawa, huingia pale tu kosa la refa liko wazi au kuna tukio zito ambalo hakuliona. Taylor aliona, akaamua, na uamuzi wake ukalindwa na huo uzito wa neno "waziwazi". Oliver aliachia mchezo, chumba kikaona ameachia kitu ambacho maandishi yanakiita kosa. Kwa hiyo mguso unaofanana kabisa unaweza kuwa penalti leo na usiwe kesho, kutegemea refa aliamua nini mwanzo. Utaratibu ndivyo ulivyojengwa, na hakuna aliyepokea rushwa hapo. Ila shabiki hajawahi kuelezwa vizuri, na tunaofundisha waamuzi tuna wajibu wa kumweleza.

Kuna jambo la pili linaloumiza zaidi, nalo ni mwendo wa polepole.

Tufanye hesabu. Mpira uliopigwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa unakwenda karibu mita 28 kila sekunde. Beki akiwa mita mbili kutoka kwa mpigaji, mpira unamfikia kwa sekunde 0.07. Binadamu anayeona kitu kwa macho na kuanza tu kusogeza kiungo huhitaji kama sekunde 0.2. Katika muda huo mpira umeshasafiri zaidi ya mita tano. Maana yake beki aliye ndani ya mita tano kwa shuti la nguvu hawezi kuutoa mkono, hata angekuwa na nia njema kuliko watu wote. Sasa chukua tukio hilo, lipunguze kasi mara nne kwenye skrini. Ile sekunde 0.07 imekuwa karibu 0.3. Unayetazama unaona mpira unakuja, unauona mkono umekaa pale, na moyo unakwambia: alikuwa na muda, mbona hakuutoa? Muda huo umetengenezwa na mashine. Beki hakuwahi kuwa nao.

Waandishi wa utaratibu wa VAR wanalijua hili na wameliandika wazi. Mwendo wa polepole ni wa mambo ya hakika: mpira umegusa wapi, tukio lilikuwa ndani au nje ya kumi na nane (eneo la penalti), mpira umetoka au haujatoka. Kuamua kama kunawa ni kosa, picha inatakiwa itazamwe kwa kasi ya kawaida. Ukiangalia mechi yoyote, hesabu refa anaonyeshwa marudio mangapi ya polepole na mangapi ya kasi ya kawaida kabla hajaamua. Binafsi naona hapa ndipo VAR inapojidhuru yenyewe. Picha iliyosimamishwa pale mpira unapokutana na mkono humfanya kila mtu aonekane mkosaji, hata yule ambaye uwanjani hakuna mpinzani aliyemnyooshea kidole.

Na ukitaka kujua sheria ilifikaje hapa, angalia mambo yalivyofuatana. Zamani kunawa kulikuwa kosa la makusudi tu. Refa alijiuliza: mkono uliufuata mpira au la, na mpira ulitokea karibu kiasi gani? Alijibu kwa jicho lake na akakosea mara nyingi. Tarehe 22 Juni 1986 pale Azteca refa wetu wa Kiafrika, Ali Bin Nasser wa Tunisia, hakuiona ngumi ya Maradona dhidi ya Uingereza, na lile goli likabaki. Novemba 2009 Thierry Henry aliutuliza mpira kwa mkono, Gallas akafunga, Ireland wakakosa Kombe la Dunia. Haya ndiyo yaliyowafanya watu waidai kamera kwa nguvu, na walikuwa na haki ya kuidai.

Kamera ikaja, ikaingizwa rasmi kwenye sheria mwaka 2018, na mwaka huo huo ikaamua fainali ya Kombe la Dunia. Moscow, Ufaransa na Croatia wako 1-1, kona inapigwa, mpira unapita kwa Matuidi aliyeruka mbele na kumgonga Ivan Perišić mkononi. Refa Néstor Pitana hakuona. Akaitwa kwenye skrini, akatazama, akaondoka, akarudi kutazama tena, kisha akatoa penalti. Griezmann akafunga. Sheria ya siku ile ilikuwa bado inadai kusudio, na sijawahi kukutana na mtu anayeamini Perišić alikusudia.

Tarehe 6 Machi 2019 pale Paris, dakika za nyongeza, Diogo Dalot wa Manchester United anapiga, Presnel Kimpembe anageuka kuupa mpira mgongo, unamgonga mkononi. Skrini, penalti, Rashford anafunga, PSG nje. Unaona kilichotokea? Kamera ilikwishaibadilisha tabia ya waamuzi kabla maandishi hayajabadilika. Picha inaonyesha mkono ulipo na haionyeshi nia, kwa hiyo waamuzi wakaanza kuhukumu kile kinachoonekana. IFAB walikuwa wamekutana Aberdeen siku nne tu kabla ya mechi ile, wakaandika sheria mpya iliyoegemea mahali mkono ulipo. Ikaanza kutumika Juni. Tangu hapo wamekuwa wakiweka viraka. Mwaka 2020 ndipo mpaka wa kwapa ukaandikwa. Mwaka 2021 wakaacha kufuta goli kwa sababu tu mpira ulimgusa mkononi, kwa bahati mbaya, mchezaji mwenza wa mfungaji. UEFA nao mwezi Aprili 2023, kupitia bodi yao ya ushauri, wakapendekeza kwamba mpira uliogonga kwanza mwili wa mchezaji mwenyewe usihesabiwe, hasa kama haukuwa unaelekea golini. Miezi saba baadaye, Paris tena, mpira ukamgonga Tino Livramento wa Newcastle kifuani ukateleza hadi kwenye kiwiko. VAR ikamwita refa, penalti, Mbappé akasawazisha dakika ya 98. Afisa wa VAR wa mechi ile aliondolewa kwenye mechi aliyopangiwa siku iliyofuata. Newcastle hilo halikuwasaidia chochote.

Hapa sasa niseme ninaloliamini, kocha. Sheria yetu inaupima mkono vizuri kuliko zamani, lakini haipimi hasara kabisa. Na ndani ya kumi na nane ina hukumu moja tu.

Kumbuka Soccer City, tarehe 2 Julai 2010. Dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza, Ghana wana mguu mmoja kwenye nusu fainali, ambayo Afrika haikuwa imewahi kuifikia. Kichwa cha Dominic Adiyiah kinaingia, Luis Suárez wa Uruguay yuko kwenye mstari, anautoa kwa mikono miwili kama kipa. Kadi nyekundu, penalti. Asamoah Gyan akapiga mwamba, na sote tunajua kilichofuata: Ghana wakatolewa. Sasa weka karibu yake vidole vya Andersen. Mmoja ameiba goli lililokwishapatikana, tena makusudi. Mwingine amepapaswa na krosi ambayo hakuna anayejua ingemfikia nani. Ukiacha kadi, wote wawili wamelipa kitu kile kile: mpira kwenye nukta, mita 11, kipa peke yake, nafasi ambayo huishia wavuni takriban mara tatu katika kila nne. Kwa mmoja adhabu ni ndogo mno, kwa mwingine ni kubwa mno. Ndiyo maana hata refa akiisoma sheria barabara, watu wanatoka uwanjani wakiwa na uchungu. Wanahisi uzito haulingani, na hisia yao ni sahihi.

Dawa naiona kwenye adhabu kuliko kwenye kuendelea kubishana juu ya mkono. Kunawa bila kusudi ndani ya kumi na nane, ambako hakukuzuia shuti golini wala nafasi ya wazi ya kufunga, kungeadhibiwa kwa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, pale pale kosa lilipotokea. Penalti ibaki kwa aliyekusudia, na kwa mkono ulioziba mpira unaokwenda wavuni hata kama ni bahati mbaya. Kwa mpango huo Cucurella angetoa penalti na Andersen asingetoa, na nadhani vijana wako pale kibandani wangeelewa bila mwalimu.

Usidhani hili ni ndoto. IFAB wamekwishaanza kupima uzito kwenye kadi. Tangu msimu wa 2024/25 beki akiunawa bila kukusudia, akazuia nafasi ya wazi ya goli na penalti ikatolewa, anapewa njano badala ya nyekundu. Na mwaka 2025 walionyesha kwamba adhabu yenyewe inaweza kubadilishwa. Kipa akishika mpira zaidi ya sekunde nane sasa inatolewa kona. Zamani ilikuwa sekunde sita na mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, na waamuzi walikuwa hawaipigi filimbi kwa sababu adhabu ilionekana nzito kwa kosa dogo. Wameipunguza ili itumike. Hoja ni ile ile. Kinachotakiwa ni kura sita kati ya nane za bodi ile, nne za FIFA na nne za vyama vya Uingereza, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Sauti ya Afrika inapita kupitia FIFA, basi vyama vyetu vina pa kuisemea.

Umeuliza kama VAR imekuja kutuharibia. Siwezi kusema hivyo. Naijua hasira ya Wananchi, mashabiki wa Yanga, baada ya Pretoria, tarehe 5 Aprili 2024: shuti la Aziz Ki likagonga mwamba na kudunda chini, Yanga nzima ikaamini limevuka mstari, goli halikutolewa, Mamelodi Sundowns wakapita kwa penalti 3-2. VAR ilikuwepo. Tukio lile halikuwa la kunawa, lakini linaonyesha ugonjwa wa jirani: chumba kinaweza kuona tu kile ambacho kamera imewekwa mahali pa kukiona, na bila teknolojia ya mstari wa goli unabaki unakisia kutoka pembeni. Radès, Tunisia, mwaka 2019 ilikuwa mbaya zaidi, mitambo haikufanya kazi kabisa katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Wydad wakagoma kuendelea. Kwa hiyo ukisikia ligi fulani imenunua VAR, uliza kamera ni ngapi na zimekaa wapi.

Kuna mfumo mwepesi ambao nautazamia kwa hamu kwa nchi zetu. FIFA waliujaribu kwenye Kombe la Dunia la wanawake chini ya miaka 20 nchini Colombia mwaka 2024. Hakuna chumba wala afisa anayepekua kila tukio. Kila kocha ana nafasi mbili za kuomba refa akaangalie marudio. Anazungusha kidole hewani na kumkabidhi kadi mwamuzi wa akiba. Akishinda, nafasi yake haipotei. Unafaa mahali penye kamera chache, na kwa suala la kunawa una faida moja kubwa: vile vidole vilivyopapaswa na krosi, ambavyo hakuna mtu uwanjani aliyelalamika, vitapita bila mtu kuvitafuta.

Sasa vijana wako. Usiwafundishe kukaba na mikono mgongoni. Najua wanawaona mabeki wa Ulaya wakifanya hivyo, lakini kijana wa miaka 16 aliyefunga mikono nyuma hana mizani, anageuka taratibu na winga anampita. Wafundishe kuikunja mikono, viwiko karibu na mbavu, pale tu mpigaji anapoinua mguu, na mazoezini waache waishushe na kuiinua mara kwa mara hadi iwe mazoea. Anayeteleza kuzuia krosi ateleze mkono wa chini ukiwa unamshikiza, na ule wa juu aubane kwenye paja; mkono wa juu ulionyooka hewani ndio unaotoa penalti nyingi. Anayeruka kona awahi kuruka. Anayechelewa ndiye anayejivuta kwa mikono, na mikono inapita kichwa.

Kwenye ligi za wilaya huna VAR, una refa mmoja na jicho lake kwa kasi ya kawaida, na kwa kunawa hiyo si hali mbaya. Ataangalia mambo mawili: mkono ulikwenda kwenye mpira, na kama haukwenda, ulikuwa umeshatanuka kabla mpira haujapigwa? Mwulize kabla ya mechi, kwa heshima, jinsi anavyolitazama la pili. Wengi watakujibu kwa furaha.

Jingine, wakataze kusimama na kunyanyua mikono wakidai. Tarehe 10 Novemba 2019 pale Anfield mpira ulimgonga Trent Alexander-Arnold mkononi ndani ya eneo lake, Manchester City wakasimama kudai, Liverpool wakaenda upande wa pili, na sekunde 22 baadaye Fabinho alikuwa ameshafunga. VAR ikapitia, ikaliacha goli. Mechi ikaisha 3-1.

Na wakipata bahati ya kucheza mashindano yenye VAR, wajue kuchora skrini hewani kwa vidole kupita kiasi ili kumshinikiza refa ni kadi ya njano, na kumfuata kwenye eneo la skrini ni njano pia. Mweke nahodha anayejua kuongea. Mashindano mengi sasa yanamruhusu yeye peke yake kumsogelea refa, wengine wakikaribia wanaandikwa.